Mbiu ya Mgambo: John Lee Mahin na Picha ya Mto Kagera

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Kwa kauli hiyo walifundisha kuwa sauti inayopigwa hadharani haipigwi bure. Nyuma yake yupo aliyeituma, na mbele yake lipo neno linalotaka kujulikana. Mwaka 1953 mbiu moja ilipigwa ulimwenguni kwa jina linalofanana sana na mgambo. Kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ya Marekani ilitoa picha ya sinema iitwayo Mogambo, ambayo sehemu yake ilipigwa kando ya Mto Kagera, katika Jimbo la Ziwa la Tanganyika ya wakati ule, ambalo makao yake makuu yalikuwa Mwanza. Waliotazama picha hiyo waliwakumbuka wachezaji wake: Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Wenye kupenda elimu ya sinema walimkumbuka mwongozaji wake, John Ford. Lakini aliyeandika maneno yaliyosemwa na hao wote, aliyeichukua hadithi ya nchi nyingine akaileta ukingoni mwa Kagera, jina lake lilipita machoni pa watu kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mtu huyo ni John Lee Mahin.

Habari zake zastahili kuchunguzwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba maisha yake yaonyesha wazi jinsi kazi ya kuandika sinema ilivyokuwa katika zama za makampuni makubwa ya Marekani, tangu miaka ya 1930 hata kuanza kwa miaka ya 1960. Ya pili ni kwamba kazi hiyo, iliyofanywa mbali, iligusa pwani ya Ziwa Viktoria, ikachukua mandhari yake na nyimbo za watu wake, na ikatoa kwa ulimwengu neno lililodaiwa kuwa la Kiswahili, nalo si la Kiswahili. Mwanafunzi wa lugha hana budi kuuliza jambo hilo lilipataje kuwa.

Mahin alizaliwa mwaka 1902 katika jimbo la Illinois, karibu na Chicago. Baba yake, ambaye waliitwa jina moja, alikuwa mtu mashuhuri wa biashara ya matangazo. Kijana alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, akawa mwandishi wa magazeti mjini New York, kisha akaingia katika kazi ya kutunga matangazo ya biashara. Kazi hizo mbili zilimpa mafunzo ambayo hakuyasahau. Gazeti lilimfunza kuandika upesi na kwa maneno machache. Matangazo yalimfunza kumwambia mtu neno linalomfanya atake kusikia la pili. Huko New York alikutana na Ben Hecht, mwandishi wa magazeti aliyekuwa ameanza kupata jina katika sinema, na kwa njia ya Hecht akafika Hollywood mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Wakati huo ulikuwa wa bahati kwa watu wa kalamu. Sinema ilikuwa imeanza kusema mwaka 1927, na mara moja makampuni yakagundua kwamba watu waliokuwa mahodari wa kuonyesha kwa ishara hawakujua kusemezana. Waandishi wa magazeti na wa michezo ya jukwaani wakaitwa kutoka mashariki ya Marekani kwa makundi. Mahin alikuwa mmoja katika kundi hilo. Jina lake limo miongoni mwa waandishi wa Scarface, picha ya majambazi wa Chicago iliyotolewa mwaka 1932, pamoja na Seton I. Miller na W. R. Burnett, juu ya hadithi ya Hecht. Mwaka huo huo aliingia Metro-Goldwyn-Mayer, na humo akakaa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi.

Hapa yafaa kueleza jinsi makampuni hayo yalivyofanya kazi, maana asiyeyajua hayo hataielewa hali ya mwandishi. Kampuni kama Metro-Goldwyn-Mayer ilikuwa na wachezaji wake, mafundi wake, maseremala wake na waandishi wake, wote wakilipwa mshahara kwa mkataba. Mwandishi alipewa chumba, meza na mashine ya chapa, akalipwa kwa juma. Alichokiandika hakikuwa chake. Kilikuwa mali ya kampuni tangu kilipotoka kalamuni. Msimamizi wa picha aliweza kukitwaa akampa mwandishi wa pili akitengeneze, na wa tatu amkosoe wa pili, na pengine hakuna mmoja wao aliyejulishwa kwamba wenziwe wako kazini. Kwa hiyo picha moja iliweza kuwa na baba sita, na watatu tu wakaandikwa katika cheti cha kuzaliwa.

Katika mpango huo Mahin aliuzoea upande wa kutajwa na upande wa kutotajwa. Mwaka 1939 alisaidia katika maandiko ya The Wizard of Oz, picha iliyoongozwa na rafiki yake Victor Fleming, na jina lake halimo. Kwa upande mwingine, mwaka 1937 aliandika pamoja na Marc Connelly na Dale Van Every mchezo wa Captains Courageous, kutokana na kitabu cha Rudyard Kipling, na wote watatu wakatajwa katika mashindano ya tuzo ya Akademia. Aliandika Treasure Island mwaka 1934, Boom Town mwaka 1940, Dr. Jekyll and Mr. Hyde mwaka 1941, na Show Boat mwaka 1951. Tazama orodha hiyo: maharamia, wachimbaji wa mafuta, daktari mwenye nafsi mbili, waimbaji wa merikebu ya mtoni. Fundi wa namna hii haulizwi anapenda nini. Huulizwa ataweza kumaliza lini. Walakini anayezichungulia kazi hizo kwa makini ataona alama moja inayorudi: wanaume wanaofanya kazi ngumu mbali na kwao, wanaosema kwa mkato, na mwanamke mwenye ulimi mkali anayewajua kuliko wanavyojijua.

Alama hiyo ilionekana kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu katika Red Dust ya mwaka 1932, picha iliyoongozwa na Fleming. Asili yake ilikuwa mchezo wa jukwaani wa Wilson Collison wa mwaka 1928. Hadithi ni ya mwenye shamba la mpira katika Indochina ya Kifaransa, nchi iitwayo leo Vietnam. Kwanza anafika kwake mwanamke aliyekimbia matata ya Saigon. Kisha anafika mhandisi kijana, mgonjwa wa homa, pamoja na mke wake mwungwana. Mwenye shamba anamwacha wa kwanza na kumtamani mke wa mtu. Mwishowe dhamiri inamrudi. Anamfukuza yule mke kwa maneno ya uongo ili arejee kwa mumewe, naye kwa hasira anampiga risasi. Na yule mwanamke wa kwanza, aliyedharauliwa na wote, ndiye anayeuficha ukweli na kuiokoa heshima ya mwenziwe. Gable alicheza mwenye shamba, Jean Harlow mwanamke wa Saigon, na Mary Astor mke wa mhandisi. Inasimuliwa kuwa kampuni ilikusudia kumpa John Gilbert nafasi ya kwanza, na kwamba Mahin alikuwa miongoni mwa waliosema kuwa mtu anayefaa ni yule Gable, ambaye wakati huo alikuwa bado anapanda ngazi.

Indochina yote ya Red Dust ilijengwa ndani ya kiwanja cha kampuni huko Culver City, California. Mvua ilitoka katika mabomba, na msitu ulipandwa sakafuni. Watu wa Indochina wamo kama vibarua wanaosukumwa na mpishi anayechekwa. Hadithi haikuwahitaji kwa neno lolote. Ilihitaji joto, upweke, na umbali wa kutosha ili Wazungu watano wasahau yale ambayo wasingethubutu kuyasahau kwao. Hili ni jambo la kushika, maana ndilo lililoiwezesha hadithi hiyo, baadaye, kung'olewa mahali pake na kupandikizwa pengine bila kunyauka jani.

Kabla ya kufika huko lazima kutaja fitina moja iliyogawanya waandishi wa sinema, na ambayo Mahin alikuwa mmoja wa vinara wake. Mwaka 1933, makampuni yalipopunguza mishahara kwa ajili ya dhiki ya uchumi, waandishi walianzisha chama kiitwacho Screen Writers Guild, kwa nia ya kudai malipo ya haki na utaratibu wa kuandika majina. Mwaka 1936 chama hicho kilipotaka kuungana na vyama vya waandishi wengine wa Marekani, baadhi ya waandishi wa mishahara mikubwa walijitenga wakaunda chama chao, Screen Playwrights. Mahin alikuwa pamoja nao. Makampuni, yaliyokipiga vita chama cha kwanza, yalikikumbatia cha pili na kufanya nacho mkataba. Walioachwa nje walikiita kibaraka cha waajiri. Shauri lilikwenda mpaka serikalini, na mwaka 1938 waandishi walipopiga kura chini ya usimamizi wa baraza la kazi, walichagua Guild kwa kura nyingi sana.

Si haki kumhukumu Mahin kwa neno moja katika jambo hili. Alikuwa mtu wa siasa ya kihafidhina, na aliamini kwa dhati kwamba mwandishi hodari hulindwa na uhodari wake, wala hahitaji kujificha nyuma ya umoja. Imani hiyo ni rahisi kwa mtu ambaye mlango hufunguliwa kabla hajabisha. Yule asiyebahatika, aliyelipwa kidogo na kufutwa jina, hakuwa na ngao ila umoja. Historia iliamua upande wa umoja. Lakini haikukosa ucheshi, kwani mwaka 1958 waandishi wa Marekani, kwa chama kilichotokana na kile alichokipinga, walimpa Mahin tuzo ya Laurel kwa kazi ya maisha yake. Chama alichotaka kukivunja ndicho kilicholitangaza jina lake.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja Mahin aliingia katika jeshi la anga la Marekani, akafuatana na Gable Uingereza kutengeneza Combat America, picha ya habari za wapiganaji wa ndege za mabomu. Aliporudi, Hollywood ilikuwa inabadilika. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyoyalazimisha makampuni kutenga biashara ya kutengeneza picha na ile ya kumiliki majumba ya sinema. Na televisheni ikaanza kuwaweka watu majumbani mwao. Makampuni yakatafuta kitu ambacho televisheni ya siku zile haikuweza kukitoa, yaani rangi na nchi za mbali. Metro-Goldwyn-Mayer ilipeleka watu Afrika ya Mashariki na Kongo kutengeneza King Solomon's Mines, iliyotolewa mwaka 1950 na kupata faida kubwa. Faida ikizaa tamaa, kampuni ilitaka kurudi Afrika, na hadithi ya kupeleka ilikuwa tayari kabatini.

Ndipo Mahin alipopewa kazi ambayo ni waandishi wachache waliopata: kuandika upya mchezo wake mwenyewe baada ya miaka 20, kwa mchezaji yule yule. Gable aliyekuwa na miaka 31 katika Red Dust alikuwa sasa amepita 50. Shamba la mpira likawa kambi ya kunasa wanyama. Mwenye shamba akawa mwindaji Victor Marswell. Mhandisi mwenye homa akawa mtaalamu wa elimu ya watu, Donald Nordley, anayekuja kupiga picha za gorila, na ugonjwa wake ukawa wa sindano ya kinga dhidi ya mbung'o. Mwanamke wa Saigon akawa Eloise Kelly, mchezaji wa ngoma za kumbi za usiku, aliyekuja Afrika kwa mwaliko wa maharaja ambaye tayari ameondoka.

Mabadiliko haya hayakuwa ya mandhari tu. Mwaka 1932 kanuni za maadili za sinema ya Marekani zilikuwa zimeandikwa lakini hazikufuatwa kwa ukali. Tangu mwaka 1934 hakuna picha iliyopita bila muhuri wa ofisi ya Joseph Breen. Kwa hiyo yale ambayo Harlow aliyasema waziwazi, Gardner alilazimika kuyapitisha kwa mzaha. Mahin alimpa Kelly msiba wa mume aliyeuawa vitani, ili mtazamaji amhurumie kabla ya kumshutumu. Hapa ufundi wake unaonekana: katazo, badala ya kumziba kinywa, lilimfanya amwongezee mwanamke huyo utu. Kelly wa mwaka 1953 ndiye mwenye akili kuliko wote katika mchezo ule, na si ajabu kwamba Gardner, pamoja na Grace Kelly aliyecheza mke wa Nordley, walitajwa wote wawili katika mashindano ya tuzo ya Akademia ya mwaka 1954.

Mwisho wa mwaka 1952 kundi la John Ford lilikuwa kando ya Kagera. Mji wa mahema ulisimamishwa, na uwanja wa ndege ukafyekwa porini ili vyakula, kanda na barua ziweze kupita. Sehemu nyingine za picha zilipigwa Kenya, ambako serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari mwezi Oktoba mwaka ule ule kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Nyingine zilipigwa katika Afrika ya Ikweta ya Kifaransa, na za ndani ya nyumba zikatengenezwa Uingereza. Mtazamaji asiyejua jiografia anadhani safari moja imepita katika nchi moja. Kwa kweli ameoneshwa mito na milima ya makoloni kadhaa iliyoshonwa kama viraka vya kanzu moja, na ndani yake gorila anakaribiana na tambarare ambazo hajapata kuziona.

Je, watu wa nchi wako wapi? Wako mwanzoni mwa picha, wametajwa kwa kabila: Wasamburu wa Kenya, Wagenia wa Kongo ya Kibelgiji, Wahaya wa Tanganyika, na Wambeti wa Afrika ya Ikweta. Tena wako katika sauti. Ford hakutaka muziki wa bendi kubwa uliozoeleka katika picha za Hollywood. Akaacha ngoma na nyimbo za wenyeji zisikike. Uamuzi huo una heshima yake, na kwa ajili yake sauti za watu wa miaka ile zimehifadhiwa ndani ya kitu kilichotengenezwa kwa kusudi jingine kabisa. Lakini katika maandiko ya Mahin hawana neno la kuigeuza hadithi. Wanabeba, wanapiga makasia, wanaimba, wanakasirika na kutisha, kisha wanapisha ili Wazungu waendelee kupendana na kuchukiana. Nafasi waliyopewa vibarua wa Indochina mwaka 1932 ndiyo waliyorithi Waafrika mwaka 1953.

Mwenye kutaka kuupima ukubwa wa upungufu huo na aitazame hali ya Jimbo la Ziwa katika miaka hiyo. Wahaya walikuwa wakulima wa kahawa wenye chama chao cha ushirika, Bukoba Native Co-operative Union. Upande wa pili wa ziwa, Wasukuma wa Mwanza, wakiongozwa na Paul Bomani, walikuwa wakijikusanya ili wapime pamba yao wenyewe na wasipunjwe mizani. Juhudi yao ilizaa mwaka 1955 Victoria Federation of Co-operative Unions. Mwaka 1954 TANU ilizaliwa, na serikali ya kikoloni ikaikataza kufanya kazi katika Jimbo la Ziwa mpaka mwaka 1958, kwa kuogopa moto uliokuwa ukiwaka huko. Palikuwa na mizani, mikutano, barua za malalamiko, hotuba na magereza. Palikuwa, kwa ufupi, na kila kitu anachokihitaji mwandishi wa michezo. Picha iliyotengenezwa katikati ya hayo yote iliona mto, chui na viboko.

Haifai kumlaumu Mahin kama kwamba alikuja akaona kisha akaficha. Aliajiriwa kuihamisha hadithi, naye aliihamisha kwa ustadi. Kosa, kama ni kosa, limo katika desturi ya kazi yenyewe: hadithi iliyotungwa ili iweze kuwekwa popote haiwezi kujua mahali popote. Kampuni ile ile ilikuwa imekwisha kujaribu jambo hilo mwaka 1940 kwa picha iitwayo Congo Maisie, iliyotokana na kitabu kingine cha Collison na iliyofanana sana na Red Dust, nayo ilitengenezwa California bila mtu kusafiri. Aliyeiandika ni Mary C. McCall, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa Guild. Yaani mahasimu wawili wa siasa ya waandishi waliikalia meza moja ya hadithi, na hakuna kati yao aliyepewa nafasi ya kuuliza Kongo au Kagera ni nini.

Sasa tufike kwenye jina. Ilienezwa katika matangazo kwamba mogambo ni neno la Kiswahili; wengine walisema maana yake ni shauku, wengine kusema. Kiswahili hakina neno hilo. Ngeli ya kwanza na ya tatu katika Kiswahili hutumia m-, mu- au mw-. Na katika maneno kama moto, moyo na moshi, ile o si ya ngeli bali ni ya shina. Lililo karibu ni mgambo, ambalo asili yake ni tangazo la hadhara lililopigiwa mbiu, yaani pembe, ili watu wakutane wasikie neno la mkubwa. Maana hiyo haina uhusiano na mapenzi ya mwindaji na mke wa mgeni wake.

Habari inayosimuliwa mara nyingi ni kwamba Sam Zimbalist, msimamizi wa picha, alitwaa jina la Mocambo, klabu ya usiku iliyofunguliwa Hollywood mwaka 1941 na kupambwa kwa mtindo wa Amerika ya Kilatini, akabadili herufi moja. Ikiwa ndivyo, basi safari ya neno hili ni ndefu kuliko alivyojua mwenye kulibadili. Mocambo ni neno la Brazili, na wataalamu hulirudisha kwenye Kimbundu cha Angola. Lilikuwa jina la maficho ya watumwa waliotoroka mashamba ya Wareno. Neno la Kibantu lilivuka bahari katika minyororo, likawa jina la kimbilio, likageuka pambo la klabu ya matajiri, kisha likarudishwa Afrika, likiwa limebadilishwa herufi, likaitwa Kiswahili. Hakuna mwandishi wa sinema aliyetunga kisa cha ajabu kama hicho.

Neno likikosa mwenyewe huendelea kutangatanga. Mwaka 1987 sinema ya Kihindi iitwayo Mr. India ilimpa jina la Mogambo jabari mmoja, akiigizwa na Amrish Puri, na jabari huyo akapata umaarufu kuliko picha ya Ford. Na kadiri neno moja lilivyo na nguvu, maneno mengi yana nguvu zaidi. Hispania ya Jenerali Franco, wakaguzi wa sinema hawakukubali mke wa mtu apendane na mwindaji. Wakabadili maneno katika tafsiri, bwana na bibi Nordley wakawa kaka na dada. Watazamaji wakaona kaka na dada wakitazamana kwa namna isiyo ya kindugu, na dhambi ndogo ikawa kubwa. Picha haikuguswa hata kidogo. Yaliguswa maneno tu. Kisa hicho chatosha kuwajibu wanaosema kwamba katika sinema mwandishi si kitu.

Wakati Mahin alipokuwa akiandika kwa malipo ya kila juma, alikuwapo mwandishi mwingine ndani ya Ziwa Viktoria ambaye hakulipwa na mtu. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 riwaya kubwa kwa Kikerewe. Ni hadithi ya Myombekere na Bugonoka, mume na mke waliochelewa kupata mtoto na ambao hawakukubali kutenganishwa na shinikizo la jamaa. Ndani yake mna kilimo, uvuvi, dawa, pombe, mahari, mashauri ya wazee, na adabu ya kumkaribisha mgeni. Hadithi hiyo haiwezi kuhamishiwa Indochina wala California, kwa kuwa mizizi yake imeshika udongo wa kisiwa kile. Lakini haikupata mchapaji. Mwenyewe aliitafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, baada ya miaka 35. Kitereza alifariki mwaka 1981.

Waandishi hawa wawili hawakujuana, na kuwalinganisha si kusema kuwa mmoja ni mwema na mwingine mbaya. Mahin alikuwa na kampuni, kamera, meli, ndege na majumba ya sinema katika kila bara, wala hakuwa na mahali. Kitereza alikuwa na mahali, akakosa hata kiwanda cha chapa. Ufundi bila mahali ulifika kila mahali. Mahali bila chombo palingoja miaka 35. Hilo ndilo jambo ambalo mbiu ya mwaka 1953 ililitangaza pasipo kukusudia.

Miaka iliyofuata ilileta mabadiliko kidogo. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika picha chache za Kiswahili chini ya serikali ya kikoloni, na katika Muhogo Mchungu mchezaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa nchi huru. Mwaka huo wa 1962 Hollywood ilitoa Hatari!, iliyoandikwa na Leigh Brackett na kupigwa karibu na Arusha. Safari hii jina lilikuwa Kiswahili safi. Mahin mwenyewe aliendelea na kazi, akatajwa tena katika tuzo ya Akademia pamoja na John Huston kwa Heaven Knows, Mr. Allison ya mwaka 1957, akaandika The Horse Soldiers ya mwaka 1959 kwa ajili ya Ford. Picha yake ya mwisho ilitoka mwaka 1966, zama za makampuni makubwa zilipokuwa zimekwisha. Alifariki mwaka 1984.

Na Kagera iliujua mgambo wa kweli. Mwezi Oktoba na Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaikalia nchi iliyo kaskazini ya mto, na daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi la Wananchi liliitwa, na pamoja nalo wanamgambo, wakulima na wafanyakazi waliofunzwa kushika silaha. Siku zile neno halikuhitaji mfasiri, wala hakuna aliyedhani kuwa maana yake ni shauku. Mto ulikuwa ule ule ambao kamera ziliuona mwaka 1952. Hadithi ndiyo iliyokuwa ya wenyewe, na sehemu kubwa yake ingali inangoja mwandishi wa sinema.

Mwanafunzi atakayeitazama Mogambo leo na aitazame kwa macho mawili. Jicho la kwanza lione ufundi wa mtu aliyejua kuandika, maana hakuna haya kujifunza kwa fundi wa mbali. Jicho la pili liwatafute Wahaya kila wanapopita, na sikio lizishike nyimbo zao. Kisha afungue kitabu cha Kitereza. Akimaliza hayo atajua kwamba lugha isiyoandikiwa michezo na watoto wake itaandikiwa majina na wageni, na kwamba mbiu hailii yenyewe. Hulia mikononi mwa aliyeishika.